Kitundu cha Saa Nne na Robo

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema. Nimemaliza mifereji miwili ya bati. Nimesifiwa mara tatu, mbili kati ya hizo nimejisifu mwenyewe.

Shajara hii ni ya siri. Mke wangu anajua ninakoificha, lakini anasema hana haja ya kusoma anayoyasikia kila siku bure.

Kwa faida ya vizazi vijavyo: mimi ni fundi bati. Si fundi bati wa hivi hivi. Niliwahi kulehemu tangi la maji likiwa limejaa, na samaki wawili ndani, na samaki hawakugeuka hata kuangalia. Shule niliacha darasa la saba, mwalimu alipoishiwa ya kunifundisha. Na mwaka huu nimetengeneza kasha la kukamatia nuru.

Kasha ni la mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Anasomea udaktari. Si ule wa sindano, ule wa kufikiri. Limesimama chuoni kwao, chumba cha chini kabisa cha jengo la sayansi: bati nene, refu kuliko mtu, pana kama kitanda cha watu wawili, limepakwa rangi nyeusi isiyong'aa ndani na nje. Giza la mle ndani! Siku ya kulikagua niliingia, mpwa akafunga mlango. Nikapunga mkono mbele ya uso, sikuuona. Nikapunga tena kwa nguvu, nikajipiga jichoni.

Leo jioni mpwa alikuja kula kwetu. Shemeji naye akaja, bila kualikwa. Huyu ni kaka wa mke wangu, fundi redio. Mtaa mzima unamwita Antena kwa ule urefu wake. Alimtengenezea mpwa nyaya za kompyuta, basi hatupumui. Anasema bati ni bati tu, akili imo kwenye waya.

Mke wangu akauliza, mwanangu, hasa mnatafuta nini kule chini? Nikajibu mimi. Nilieleza kwa robo saa nzima, kwa mikono yote miwili. Mpwa akaniacha nichoke, kisha akasema kwa adabu kwamba Mjomba amepatia karibu yote, ila ayageuze.

Kumbe ni hivi. Ulimwenguni kuna kitu kingi kinachozivuta nyota na hakionekani. Wanakiita maada ya giza. Hakuna anayejua ni nini. Huenda ni nuru ya aina nyingine, fotoni zilizojificha, ambazo zinapita kwenye ukuta, kwenye bati, kwenye sisi hapa mezani, bila hodi wala samahani. Lakini zikigonga chuma king'aavu, mara moja moja sana, huenda chembe ikageuka ikawa nuru ya kawaida, ikaruka wima kutoka kwenye chuma. Akachukua bakuli la matunda, akamwaga machungwa, akatuonyesha: chuma kikiwa kimejikunja kama bakuli, chembe zote zinakutana mahali pamoja. Pale pale wameweka jicho. Ni kifaa kinachohesabu chembe za nuru moja moja. Nusu saa jicho linakaa pale katikati, nusu saa linasogezwa pembeni, kisha hesabu mbili zinalinganishwa. Hata gizani jicho huhesabu kidogo, kwa joto lake lenyewe. Mpwa anasema hizo ni ndoto zake.

Sasa sikia. Jicho ni la kuazima, kutoka chuo cha mbali. Jumatatu ijayo saa mbili asubuhi linaondoka, apende asipende. Kabla ya hapo mpwa lazima apate saa mia mbili safi za giza. Alianza Jumatano iliyopita, saa mbili asubuhi. Akizikosa saa hizo hana tasnifu, na zamu ya kuliazima tena ni baada ya miaka miwili. Miaka miwili! Dada yangu hataweza kungoja. Anasema ameshashona gauni.

Nikauliza, basi lini hasa unaikamata hiyo nuru, nimweleze kinyozi wetu wa mtaani? Mpwa akacheka. Akasema yaelekea hawatakamata kitu. Wote waliotafuta hawakukamata kitu. Wataandika kwamba hapa, kwa kiwango hiki, haipo. Na hayo nayo ni matokeo, Mjomba.

Matokeo! Mtu asome mpaka apate mvi, atafute kitu, kisha aandike kitabu kwamba hakipo! Nami nimeshamwahidi kinyozi na benchi lake lote kwamba kufikia Ijumaa nuru itakuwa ndani. Antena alicheka mpaka akainuka, akagonga kichwa kwenye fremu ya mlango. Safi.

Jumanne, 4 Machi

Nimegundua tatizo! Maprofesa wote wale, vitabu vyote vile, kumbe alikuwa anasubiriwa mfua bati.

Lilinijia nikiwa na kikombe cha chai. Mtego wa panya. Nimetengeneza mitego ya panya tangu sina ndevu. Mtego usio na mlango haukamati panya, hata uweke nyama nzima. Na kasha langu halina tundu hata la kupitisha unywele. Sasa hiyo nuru inaingia wapi? Mpwa anasema inapita kwenye bati. Bati la nani? Bati la watu wengine, nakubali. Langu halipitishi kitu! Hapo ndipo kosa lilipo. Nimekuwa fundi hodari kupita kiasi, nimemfungia mtoto matokeo yake nje.

Saa nne kamili nilitia sahihi kwenye kitabu cha mlinzi, sahihi yenye mikia miwili. Kitambulisho cha mgeni kifuani. Huwa nakivaa hata nyumbani. Mke wangu anasema nikilala nacho tena atanitoa nje kama mgeni. Korido ilikuwa tupu. Mpwa na Profesa walikuwa kwenye chai. Profesa ni msimamizi wake: mfupi, kichwa kinang'aa kama birika jipya, sauti ya birika bovu. Tangu tujuane hajanisifu hata mara moja. Siku ya kulipokea kasha alisema tu kwamba limefungika. Limefungika! Hata mlango wa choo hufungika.

Nikatoa msumari mwembamba kuliko yote. Saa nne na robo, kwa saa ya ukutani pale koridoni, nikagonga. Tik! Upande wa nyuma, chini kushoto, karibu na ribiti ya tatu, vile vipini vinavyoshikiza bati. Kitundu kama jicho la sindano. Nikakipuliza. Nikainama, nikakiambia kwa sauti ya chini: karibu.

Sijaharibu kitu. Mgeni wa heshima hupewa mlango, basi.

Mpwa akarudi, akauliza nafanya nini huko nyuma. Nikasema nakagua ribiti. Akaguswa! Akasema hakuna maabara nyingine duniani ambayo fundi wake anakuja kukagua kazi bila kuitwa. Akanimiminia chai. Nilipata taabu kidogo kuimeza. Si dhamiri. Ilikuwa ya moto.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi saa moja nikampigia mpwa simu, vipi, kuna kitu? Hakuna. Saa mbili, hakuna. Saa tatu akazima simu.

Nikafikiri. Kitundu ni kidogo mno. Nuru iliyojaa ulimwengu mzima huwezi kuiambia ipite kwenye jicho la sindano. Ni kumwalika mtu harusini umpitishe dirishani. Saa tano nikaenda tena, na msumari wa inchi mbili. Mpwa alikuwa ghorofani anafundisha. Matundu mawili ya haja. Moja ubavuni. Moja juu, mkabala na taa ya korido inayoonekana mlangoni, ili nuru ione njia.

Saa sita simu ikalia. Ni mpwa. Hesabu zimepanda, Mjomba! Zimepanda sana, na katikati zinapanda kuliko pembeni! Akasema bado hajui ni nini, huenda si kitu, lazima apime na kupima tena. Nisimwambie mtu yeyote. Nikaapa kwa roho ya nyundo yangu.

Saa saba nilikuwa kwa kinyozi. Nia yangu ilikuwa kunyamaza. Nilikaa kimya muda mrefu sana, yapata dakika mbili. Kisha kinyozi akauliza kwa kejeli kama nuru yetu bado iko njiani au imekosa nauli. Sasa mtu na utu wake afanyeje?

Nikawaambia. Imeingia! Benchi zima likasimama. Wakauliza imeingiaje. Hapo nikapiga chuku kidogo, kwa ajili ya ladha. Nikasema tangu siku ya kwanza, siku ile ile ninafunga kasha, niliona wasomi wamesahau mlango, nikaacha kitundu changu cha siri, nikatulia, nikawa nasubiri tu kama paka. Tangu siku ya kwanza! Inapendeza kuliko kusema jana. Mteja aliyenyolewa upande mmoja aliinuka na shuka shingoni kunipa mkono. Kinyozi akaninyoa bure, mara ya kwanza katika historia.

Kitu kimoja tu kilinitia doa. Gazeti lililokuwa limefunuliwa kule pembeni likashuka, na nyuma yake alikuwa Antena. Aliniangalia kwa juu, kama anavyowaangalia watu wote.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa.

Saa tatu niliwasili chuoni na shati jeupe, kwa ajili ya picha. Sikukuta mpiga picha. Nilimkuta mpwa na Profesa mbele ya kompyuta, wamenuna wote wawili. Mpwa akaniomba nisimame kwenye swichi ya taa ya korido. Nikasimama kwa fahari. Zima, Mjomba. Nikazima. Hesabu zikashuka. Washa. Zikapanda. Zima. Washa. Tulifanya mara sita. Nne za kwanza nilizifurahia.

Mpwa akasema polepole, kama anaongea na skrini, kwamba nuru iliyojificha, kama ipo, ipo tangu mwanzo wa ulimwengu. Haiwezi kujua swichi yetu iko wapi.

Kisha akachukua koti, akaingia mwenyewe ndani ya kasha, akafunga mlango. Nikapewa tochi, nizunguke nje nikimulika kila mahali taratibu. Nikazunguka. Taratibu kabisa. Isipokuwa sehemu fulani fulani nilipita upesi. Sauti yake ikatoka ndani, imezibwa na bati: Mjomba, rudi hapo ulipokimbia.

Nikarudi.

Moja, akasema. Nikaendelea. Mbili. Nikafika chini kushoto, karibu na ribiti ya tatu. Tatu.

Alipotoka nikasema huenda ni panya. Profesa akauliza panya wa aina gani anatoboa bati kwa duara. Nikasema wa chuo kikuu.

Hakucheka mtu. Mpwa akaniangalia. Ana macho ya mama yake. Macho yale sijaweza kuyadanganya tangu nina miaka mitano. Nikasema yote: mtego wa panya, mlango, msumari, karibu.

Laiti angefoka. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye kasha, akaanza kuhesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea. Mimi nikaenda kuleta vifaa, nikalehemu matundu yote matatu, nikapaka rangi. Sijawahi kulehemu vibaya hivyo, na sijawahi kulehemu vizuri hivyo. Saa kumi jioni mpwa akaingia tena gizani na tochi ikazunguka tena. Giza tupu. Jicho likaanza kuhesabu upya.

Hesabu yake ni hii. Matundu makubwa yanaonekana wazi kwenye kompyuta: Jumatano saa tano, mlima. Lakini kitundu kidogo hakionekani kabisa. Nuru yake ni kidogo, imepotelea ndani ya ndoto za jicho. Kompyuta haiwezi kusema kilitobolewa lini. Anayejua ni mtu mmoja tu duniani.

Nikasema haraka, Jumanne! Saa nne na robo! Mpwa akaandika. Tangu kuanza mpaka Jumanne saa nne, saa mia na arobaini na sita safi. Tangu leo saa kumi mpaka Jumatatu saa mbili asubuhi, saa themanini na nane. Jumla mia mbili thelathini na nne. Zinatosha! Nikaona bega lake limeshuka. Karibu atabasamu.

Hapo Profesa akakohoa. Akasema yeye amesikia vingine. Fundi redio alipiga simu asubuhi kuulizia nyaya, akamsimulia kama kichekesho kwamba mimi nimetangaza kwa kinyozi, mbele ya watu, kwamba kitundu kipo tangu siku ya kwanza. Kama ni tangu siku ya kwanza, zile mia na arobaini na sita zote si safi. Zinabaki themanini na nane. Tasnifu hakuna.

Nikasema ile ilikuwa chuku. Profesa akauliza, bila ukali hata kidogo, basi yeye atajuaje ipi ni chuku na ipi si chuku.

Nikakusanya vifaa vyangu, nikaenda nyumbani.

Ijumaa, 7 Machi

Sikusikia ladha ya chai.

Saa mbili na nusu nikaenda kwa kinyozi. Mpango: benchi zima liandike na kutia sahihi kwamba mimi ni mwongo. Jambo rahisi, nilidhani. Nikasimama katikati, nikatangaza: jamani, juzi niliwadanganya, kitundu nimetoboa Jumanne, tena kwa ujinga.

Wakakataa! Wakasema nisijishushe. Kinyozi akasema siku zote wakubwa hukana sifa zao. Nikaapa kwamba ni uongo. Wakasema, mnaona unyenyekevu huo? Nikawaambia hata yale ya tangi na samaki ni uongo. Mzee mmoja akachukia, akasema samaki wale aliwaona kwa macho yake. Kadiri nilivyojitukana ndivyo walivyonisifu. Nimetoka pale nimenyolewa bure mara ya pili, na nywele zenyewe sina tena.

Nikarudi nyumbani. Mke wangu alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso. Akasema, kile kidaftari chako, si unaandika kila kitu siku ile ile? Kapeleke.

Nikamwambia haiwezekani. Mle mna mambo ya siri. Mna mambo ya birika. Akauliza birika gani. Nikamweleza. Alicheka mpaka maharage yakamwagika, kisha akaacha kucheka ghafla kama alivyoanza. Akasema, baba watoto, chagua: birika au mtoto wa dada yako.

Nimekaa karakana mpaka saa saba, daftari mapajani. Kwanza nikataka kuchana ukurasa wa Jumanne tu, niupeleke peke yake. Lakini ukurasa uliochanwa ni karatasi, unaweza kuandikwa leo. Nikasema basi nifute ule mstari mmoja tu, wa kichwa na sauti. Nikafungua kalamu. Nikauangalia mstari. Ni mstari mzuri, sisemi kwa kujisifu. Kisha nikawaza: akiona mstari mmoja umefutwa, atauliza mingapi mingine imebadilishwa. Nikafunga kalamu.

Saa nane nilimkabidhi Profesa. Akasoma kwa kusimama, mpwa begani kwake. Nilijua wamefika wapi kwa kuangalia nyuso. Kwenye mtego wa panya mpwa alifumba macho. Kwenye birika Profesa alisimama kidogo, akapitisha mkono kichwani, akaendelea. Akageuza ukurasa. Akasoma ya kinyozi. Akasoma ya tangu siku ya kwanza inapendeza kuliko jana. Akarudi Jumanne, akasoma tena.

Akaagiza kitabu cha mlinzi. Kikaletwa. Tangu ile Jumatano ya kuanza mpaka Jumatatu, jina langu hamna. Jumanne, saa nne kamili: sahihi yenye mikia miwili.

Profesa akavua miwani. Akasema mtu anaweza kudanganya kwa kinyozi ili asifiwe. Lakini yeye hajaona mtu anayejifungia peke yake akajiandikia uongo wa kujiaibisha namna hii. Saa zitahesabiwa mpaka Jumanne saa nne, na kuanzia jana saa kumi. Ukurasa utolewe nakala, ubandikwe kwenye kitabu cha jaribio. Akanirudishia daftari. Akaongeza kwamba kichwa sawa, lakini sauti nimemwonea.

Mpwa alisubiri Profesa atoke. Kisha akasema "karibu!" na kuanza kucheka, akacheka mpaka machozi, na mwisho sikujua tena ni machozi ya nini. Akasema Mjomba, wewe ungefaa kufungiwa humo ndani badala ya bakuli. Akaniweka sawa kola ya shati. Halafu akanyoosha mkono. Nyundo. Misumari. Na kitambulisho.

Kitambulisho! Nimetembea mpaka nyumbani kifua kitupu kama mtu aliyeibiwa.

Jumapili, 9 Machi

Nimekatazwa kuingia ndani ya jengo. Sikukatazwa ngazi za nje. Nimekaa pale tangu jana asubuhi, kwa zamu za mchana, kulinda. Mtu akipita na msumari atanijua.

Alasiri Antena akaja. Akakunja miguu yake mirefu, akakaa ngazi moja chini yangu ili tulingane. Akasema hakujua maneno yale yangefika vile, alidhani anachekesha. Nikamwambia mdomo ulikuwa wangu. Kisha akasema, akiangalia pembeni, kwamba amesikia ule ulehemu wa Alhamisi ni wa kiwango. Nikasema nyaya nazo si mbaya.

Siku mbaya sana kwa ugomvi wetu. Lazima turekebishe.

Jumatatu, 10 Machi

Saa mbili kamili wamelichukua jicho. Wamelifunga kwenye sanduku lenye sifongo, kama yai la mfalme. Saa mbili na dakika tano mpwa akatokea ngazini, macho mekundu, nywele timutimu. Akasema giza lilikaa safi mpaka dakika ya mwisho. Mia mbili thelathini na nne. Nikataka kusema kitu cha maana. Nikamwambia akalale.

Ijumaa, 20 Juni

Leo mpwa ametetea tasnifu yake. Ukumbi mkubwa, watahini watatu, kipaza sauti. Dada yangu na gauni lake mstari wa mbele. Mimi nyuma kabisa, kati ya mke wangu na Antena, nimeapishwa na wote watatu, dada yangu akiwemo, kwamba sitafungua mdomo. Nimeapa kwa kweli safari hii.

Matokeo: hakuna kitu. Saa zote zile, katikati na pembeni, hesabu ni zile zile. Mpwa akasimama pale na kuyasema hayo kama mtu anayetangaza ushindi. Akaonyesha mchoro. Sehemu kubwa nyeupe, ambako fotoni zile bado zinaweza kuwa zimejificha. Pembeni sehemu zilizopakwa rangi, ambako watu walishatafuta wakazikosa. Na kati yake, kipande kipya, chembamba kama ukingo wa ndoo. Akasema hiki ndicho chetu. Kama nuru hiyo ipo hapa, basi ni hafifu kuliko kiwango hiki, na wanaokuja nyuma wanajua pa kuanzia.

Nilitazama kile kipande. Nikapangusa macho. Vumbi ni jingi mno kwenye kumbi hizi.

Akashukuru watu. Profesa. Mama yake. Fundi redio kwa nyaya. Kisha: fundi wa kasha, kwa bati lake, na kwa kutoa saa ya kweli ilipohitajika. Mke wangu akanifinya mkono. Nilikuwa nimetulia kama maji mtungini. Nilikuwa mtu mpya!

Amefaulu. Dada yangu alipiga vigelegele mpaka kipaza sauti kikalia.

Hapo mtahini mmoja, mgeni, mwenye tai, akauliza la mwisho, kwa udadisi tu: sasa hatua inayofuata ni ipi? Mpwa akajibu kwamba wangehitaji bakuli kubwa zaidi, la upana wa mita nne, laini kama kioo. Ila akasema kwa masikitiko kwamba hakuna anayeweza kulitengeneza karibu, na kuagiza ni miaka.

Hakuna anayeweza!

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka sauti ya kitambaa, kwa sababu mke wangu alikuwa ameshika mkono wa shati, na mkono wa shati umebaki naye. Nikawaambia mita nne si kitu. Nikawaambia niliwahi kutengeneza la mita sita, kwa jicho tu, upepo ukivuma. Nikawaambia watalipata Jumatatu.

Mtahini akaandika! Profesa akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Mpwa akafunika uso, nadhani kwa furaha.

Nimepima nilipofika nyumbani. Mlango wa karakana una upana wa mita moja. Hilo nalo limekwisha, nimeazima nyundo ya kuvunjia. Ukuta wa kushoto ndio mwembamba zaidi, na upande wa pili ni duka la Antena tu. Sijamwambia bado. Nataka afurahi kwa ghafla.